Siku tatu Lisbon na kibegi kimoja: somo kwa anayepanda ndege ya bei nafuu peke yake

Mmeniomba somo. Kwetu Mombasa somo ni yule mama anayemfunda mwari, na mimi umri huo sijaufikia. Lakini kwa ndege za bei nafuu nimefundwa, tena kwa kiboko, basi kaeni mkao wa kusikiliza.

Ninaishi Luton, Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mapumziko yangu huangukia Jumanne hadi Alhamisi, siku ambazo kila rafiki niliye naye yuko kazini. Kwa ratiba kama hii, ukingoja mwenzio wa kusafiri naye utazeeka huku ndege zikikupitia juu ya paa. Nikaanza kwenda peke yangu, na hadi leo nimekwenda mara sita. Mfano wangu utakuwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu ndiyo safari iliyonikaa moyoni.

Jambo la kulishika kabla ya yote: kampuni hizi haziuzi safari, zinauza kiti. Begi, kuchagua pa kukaa, kupanda mapema, yote hayo yana bei zake pembeni. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa anayevunjiwa upishi ni yule asiyejua kusema hapana.

Hatua ya 1: Viza kwanza, tiketi baadaye

Mwenye pasipoti ya Uingereza aruke hapa. Sisi wa pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda, hata tukiwa na ruhusa ya kuishi Uingereza, tunahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ili kuingia Ureno. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na juu yake kuna malipo ya kituo kinachopokea maombi. Hesabu mnaiona: viza inaweza kuipita nauli ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana mimi huomba ya kuingia mara nyingi, nikipewa naitumia mpaka ichoke.

Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibakiwe na miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen. Wengi hukimbilia kununua tiketi wakiogopa bei itapanda, kisha viza inakataliwa na pesa hazirudi. Ubalozi unataka kuona mpango wa safari, na mpango si lazima uwe tiketi uliyokwisha kuilipia.

Jingine linalosahaulika ni kurudi. Kadi za ukaazi za Uingereza ziliachwa mwishoni mwa 2024, sasa hadhi yako iko mtandaoni, na anayeiangalia kwanza ni kampuni ya ndege kule Lisbon. Kama umepata pasipoti mpya, iunganishe na akaunti yako ya uhamiaji kabla ya kuondoka. Mimi hutoa ule msimbo wa kuthibitisha hadhi nikiwa bado nyumbani, nikauhifadhi kwenye simu.

Hatua ya 2: Tiketi

Jumanne hadi Alhamisi, nje ya likizo za shule, ndiyo bahati yetu sisi wenye zamu. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Wakenya tuna majina matatu na tabia ya kutumia mawili tunayoyapenda, hapa usichague.

Ukishachagua ndege, kurasa za vishawishi zinaanza. Kiti? Hapana. Kupanda mapema? Hapana. Gari la kukodi? Hapana. Bima? Hapana, unayo ya viza. Na hapa msafiri wa peke yake ana faida: familia hulipia viti ili wasitenganishwe, wewe utatenganishwa na nani? Wakikuweka katikati, kaa katikati. Luton hadi Lisbon ni kama saa mbili na dakika arubaini na tano tu, na saa za miji hiyo miwili ni sawa, kwa hiyo hata mwili haushtuki.

Hatua ya 3: Kibegi

Hapa ndipo penye mchezo wote. Begi la bure ni lile linaloingia chini ya kiti cha mbele. easyJet wanaruhusu sentimita 45 kwa 36 kwa 20. Ryanair na Wizz Air wanaruhusu 40 kwa 30 kwa 20. Nunua begi la kipimo kidogo cha hivyo viwili, uwe salama kote. Na magurudumu na mpini vinahesabiwa, kwa hiyo begi laini la mgongoni ndilo lenye heshima.

Nimejifunza vipi? Safari yangu ya kwanza, mji mwingine, kampuni nisiyoitaja, nilichomeka pea ya pili ya viatu, eti huenda nikatoka jioni. Kwenye mlango wa kupandia wakaniambia niliweke begi kwenye kile kisanduku cha kupimia. Kisigino kilikataa. Watu themanini nyuma yangu wananitazama nikilikalia begi kama mtu anayekalia sanduku la harusi. Nililipa, na nilicholipa kilizidi nauli. Na jioni sikutoka.

Sasa nabeba hivi: viatu na koti nimevaa, suruali moja ya ziada, blauzi mbili, chupi, dawa, chaja, na plagi ya pini mbili za mviringo, maana ya Uingereza (ambayo ndiyo ya kwetu) haiingii ukutani Ureno. Na leso, yaani kanga, pea nzima. Leso haina uzito na ni vitu vyote: shuka, taulo, pazia la kitanda cha hosteli, mtandio, mkeka wa kusalia, mto ndani ya ndege. Sijaona kifaa cha msafiri dukani kinachoishinda.

Vimiminika viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja. Mafuta ya nazi nayo ni kimiminika mbele ya mkaguzi, hata kama kwa baridi ya Luton yameganda kama jiwe. Usibishane, nimejaribu.

Chakula beba, cha ndani ya ndege ni ghali. Ila nyama na vitu vya maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, kwa hiyo sambusa za nyama zimalizike kabla ya kutua.

Hatua ya 4: Kujisajili kwa ndege (check-in)

Jisajili kwa programu ya kampuni mara inaporuhusu, usingoje uwanjani, baadhi ya kampuni hutoza pesa huko. Ingia na simu yenye chaji. Mfumo ukikuambia upitie dawati la kukaguliwa viza, nenda kabla ya ukaguzi wa usalama; wenye pasipoti zetu tunaambiwa hivyo mara kwa mara, si kwamba umekosa.

Hatua ya 5: Kutua

Tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa sisi wageni wa muda mfupi. Foleni inaweza kuwa ndefu. Shika mkononi anwani ya malazi, bima na tiketi ya kurudi. Afisa akiuliza "peke yako?" jibu "ndiyo" na unyamaze. Maelezo marefu ndiyo yanayozaa maswali.

Nje ya mlango kuna metro, treni za mjini. Teksi iache. Laini nyekundu hadi Alameda, unabadili kwa laini ya kijani, unashuka Martim Moniz au Rossio, katikati kabisa ya mji. Nilikaa hosteli yenye chumba cha wanawake pekee. Juu ya bei ya malazi manispaa hutoza euro 4 kwa kila usiku, kwa hiyo usidhani umeibiwa.

Hatua ya 6: Mjini

Hapa sina hatua, nina tahadhari nne. Tramu 28, lile gari la reli linalopita mitaani, ni nzuri kwenye picha na ni shamba la vibaka, kwa hiyo begi likae kifuani. Mawe ya barabarani huteleza mvua ikinyesha, vaa soli yenye meno. Mitaa ya Baixa, pale katikati ya mji, wanaume watakunong'onezea kwamba wana bangi. Aghalabu ni majani makavu ya jikoni, pita kama hukusikia. Na kwenye mkahawa wakikuletea mkate, zeituni na jibini bila kuagiza, si ukarimu kama wa kwetu: ukigusa, unalipa. Sema hapana kwa adabu vitaondolewa.

Yaliyobaki ni raha, hasa kwa mtu wa Pwani. Mji mzima unasoma vibao kama unaota. Meza ni *mesa*. Bendera ni *bandeira*. Leso ni *lenço*, foronya ni *fronha*, kasha ni *caixa*. Kila kanisa limeandikwa *igreja*, na hapo nikacheka peke yangu barabarani, maana ndilo neno lililotupa gereza. Ndani ya ngome ya Mombasa waliyoijenga Wareno palikuwa na kanisa, kisha ngome ikaja kuwa jela, na neno likafuata jengo. Dukani nikaona *chamuça*, kumbe sambusa, imefika huku kwa njia ya Goa na Msumbiji.

Siku ya pili panda treni pale Cais do Sodré ushuke Belém. Nje ya mnara wa mabaharia kuna sakafu ya mawe yenye ramani ya dunia, wameichora na merikebu na miaka. Nilitafuta Afrika Mashariki, nikaipata, nikasimama juu yake. Ng'ambo ya barabara kuna monasteri ya Jerónimos. Kuingia kwenye makumbusho unalipia, lakini kanisani ni bure, na karibu na mlango, mkono wa kushoto, amelala Vasco da Gama. Huyu ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498, mambo yakamchachia, akasogea Malindi na kupata rubani wa kumvusha hadi India. Alifia Kochi mwaka 1524. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia twende.

Hatua ya 7: Kurudi

Ndege nyingi za bei nafuu huondokea Terminali 2, na metro haifiki huko. Unashuka Terminali 1, unapanda basi la bure. Kumbuka pia foleni ya uhamiaji. Mimi hufika saa tatu kabla.

MASWALI YENU

Dada, mimi ni mwanafunzi, nipo kwa viza ya masomo. Naweza kuomba viza ya Schengen nikiwa Uingereza au mpaka nirudi Nairobi?

Unaombea Uingereza, kwa sababu unaishi hapo kihalali. Hakikisha ruhusa yako ya kukaa inabakiwa na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Barua ya chuo iambatanishe.

Ndege ikichelewa na niko peke yangu, nafanyaje?

Kwanza dai chakula na maji, na ikilala, hoteli. Hiyo ni haki yako, wala si fadhila. Ukifika umechelewa saa tatu au zaidi na kosa ni la kampuni, sheria inakupa fidia: safari za kilomita 1,500 hadi 3,500, na hii imo, ni euro 400 ukitokea Ulaya, au pauni 350 ukitokea Uingereza. Hali mbaya ya hewa haihesabiwi. Tunza pasi ya kupandia na risiti zote.

Chakula cha halali na pa kusali?

Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, umejaa Wabangladeshi na mikahawa yao. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, umefunguliwa 1985. Usidanganywe na harufu ya *bifana* mtaani, ni nguruwe.

Mie niko Dar. Somo hili lanifaa?

Kwa Lisbon, hapana, nauli itakula kila ulichookoa. Ila desturi ya kibegi ni ile ile. Jambojet ya Kenya, iliyoanza 2014, inauza kiti kwa namna hiyo hiyo, na ukifika Nairobi unaweza kuipanda kushuka Mombasa. Kwetu karibu, mkate utapewa bure.

Samahani kuuliza, kula peke yako mkahawani huoni haya?

Siku ya kwanza niliona. Nikakaa kaunta, kule wanaposimama wafanyakazi na kahawa zao. Hakuna aliyegeuka. Siku ya pili mzee mmoja akanisogezea sahani ya pilipili bila neno. Wao huiita *piri-piri*, tulielewana.

Mume wangu amesema mwanamke hasafiri peke yake bila sababu.

Shemeji mwambie sababu ni pauni thelathini na nane kwenda na kurudi. Akibisha, mwambie atafute nyingine ya bei hiyo kwa watu wawili. Wangu alitafuta wiki nzima, kisha akanipeleka uwanjani mwenyewe.

Hebu tuambie, ulisimama muda mrefu kwa Vasco da Gama ukifanya nini?

Nilikuwa na leso mabegani, kanisani mna baridi. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: ngome yenu mlinyang'anywa 1698, sisi tumebaki na meza, kasha na hii. Nikamwonyesha pindo. Mlinzi akanitazama, nikatoka kwenda kutafuta chamuça.