Kutunza mfumo wa kupoza injini bila kujiunguza wala kuunguza gasketi

Injini nyingi zinazofika gereji zikiwa zimeunguza gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, hazikuharibika siku hiyo. Maji yalikuwa yanapungua taratibu, mwenye gari akawa anaongeza ya bomba kila Jumamosi, feni ikawa inachelewa kuwaka, na siku moja kwenye foleni au mlima wa Kitonga gari likachemsha. Mwongozo huu unatumia magari madogo ya Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, yaani IST, Probox na Vitz ya cc 1500, kwa sababu yamejaa barabarani. Hatua zenyewe zinafaa kwa karibu gari lolote lenye rejeta ya mbele na feni ya umeme.

Kabla ya kugusa chochote

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na bado hayajachemka kwa sababu yamebanwa na presha. Ukifungua, presha inaondoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, yanarukia usoni na mikononi. Kazi hizi ni za asubuhi, gari likiwa limelala. Kama haiwezekani, shika hozi ya juu ya rejeta kwa kitambaa kinene na uiminye: ikiwa ngumu kama tairi, achana nayo kwanza. Ikilainika, weka kitambaa juu ya mfuniko, zungusha hadi kituo cha kwanza, subiri sauti ya mvuke iishe kabisa, ndipo uumalizie.

Feni ya umeme nayo ina tabia yake. Kwenye baadhi ya magari huweza kuwaka hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo usiingize mkono kwenye mapanga yake kabla ya kuchomoa waya hasi wa betri.

Kwa nini si maji matupu

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Tanga au Mombasa. Ukiwa Iringa au Nairobi, mita 1,600 hadi 1,800 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Injini hii hufanya kazi karibu na nyuzi 90, kwa hiyo bila mfuniko mzima wa kushika presha nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Mfuniko ulioandikwa 1.1, yaani kipimo cha presha unayoshika, unapandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20, na kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inaongeza nyingine kadhaa.

Lakini kuchemka ni nusu tu ya habari. Silinda hedi, bloku na mifereji ya rejeta ni alumini, na maji ya kisima yenye chumvi, kama yanayotumika sehemu nyingi za Dar es Salaam, yanaila alumini na kuacha ukoko unaoziba mifereji. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu na za kulinda sili ya wota pampu. Watu husema huku kwetu hakuna barafu, kwa hiyo kulanti ni anasa. Barafu haipo kweli, ila kutu ipo.

Rangi isikudanganye, kwa sababu kila kiwanda kinachagua yake. Soma lebo: tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa injini za alumini na magari ya Kijapani. Kulanti nyekundu ya zamani ya Toyota hubadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka 2. Ile ya pinki inadumu zaidi: mara ya kwanza kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Gari lililotoka mnadani Japani na lisilo na kumbukumbu lihesabu kuwa limeshafikia muda. Usichanganye aina mbili usizozijua, maana dawa zake zinaweza kugombana na kutengeneza ute.

Ukaguzi wa kila wiki

Angalia kopo la akiba injini ikiwa baridi: maji yawe kati ya alama ya L (chini) na ya F (kujaa). Mara moja kwa mwezi fungua na mfuniko wa rejeta wenyewe, maana kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina upungufu. Hilo likitokea, mshukiwa wa kwanza ni mfuniko. Una vali mbili: kubwa ya kuachia presha kwenda kwenye kopo, na ndogo ya katikati inayoruhusu maji kurudi injini inapopoa. Ndogo ikikwama, utakuta hozi ya juu imenyonywa na kubonyea asubuhi. Mpira wa mfuniko ukipasuka au ukikakamaa, nunua mwingine wenye namba ileile. Usiweke wenye namba kubwa zaidi ukidhani ni bora, kwa sababu presha ya ziada itatafuta mahali dhaifu pa kutokea.

Maji yakipungua, yameenda mahali. Tafuta unga mkavu wa pinki, kijani au mweupe, ambao kulanti huuacha ikikauka. Sehemu za kuanzia ni maungio ya rejeta pale tangi la plastiki lilipobanwa kwenye alumini, ncha za hozi chini ya klipu, na tundu dogo chini ya wota pampu. Tundu hilo limewekwa makusudi: likianza kutoa matone, sili ya pampu imekwisha na pampu inabadilishwa. Kuliziba ni kuhamishia maji kwenye beringi. Zulia la abiria wa mbele likiwa bichi, au kioo kikipata ukungu wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Hozi ziminye kwa vidole karibu na klipu. Ikiwa laini kupita kiasi, imevimba kwa oili, au inatoa sauti ya kukatika-katika ndani, ibadilishe. Mapezi ya rejeta yaoshe kwa maji ya mpira wa bustani yenye nguvu ndogo, ukimwaga kutoka upande wa injini kwenda mbele ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari huyakunja mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa.

Feni ipime hivi: washa injini, washa AC. Feni iwake. Isipowaka, anza na fyuzi, kisha relei, kisha mota yenyewe kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja. Mafundi wengi huishia hapo na kuiunga feni moja kwa moja kwenye swichi. Itapoza, ila itazunguka muda wote, mota itachoka mapema, na sensa au relei mbovu itabaki palepale bila mtu kujua.

Kubadilisha kulanti

Andaa beseni la kushika lita 8, jagi lenye vipimo, faneli, kitambaa, glavu, lita 3 za kulanti isiyochanganywa na lita 15 hivi za maji yaliyosafishwa. Maji hayo ni yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Gari liwe mahali tambarare, handibreki juu, injini baridi.

Weka beseni chini ya kona ya rejeta yenye koki ya plastiki. Ifungue kwa mkono, bila koleo, kwa sababu huvunjika kirahisi ikizeeka. Kisha fungua mfuniko wa juu ili maji yatoke kwa kasi. Pima yaliyotoka kwa jagi na uandike.

Namba hiyo ina kazi. Mfumo wa gari hili unachukua lita 5 hivi, lakini koki ya rejeta pekee haitoi zote. Nyingine zinabaki kwenye bloku na hita. Tuseme zimetoka lita 3. Funga koki, jaza maji yaliyosafishwa, funga mfuniko, weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini mpaka hozi zote mbili ziwe za moto. Zima, acha ipoe kabisa, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Inachosha, na ndiyo maana gereji nyingi huruka hatua hii.

Sasa ndani ya bloku zimebaki lita 2 za maji matupu. Ukijaza lita 3 za kulanti iliyochanganywa tayari nusu kwa nusu, unakuwa umeingiza lita 1.5 tu ya kulanti halisi ndani ya lita 5, yaani asilimia 30, na dawa ya kutu imepungua kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo anza na lita 2.5 za kulanti isiyochanganywa, kisha malizia na nusu lita ya maji. Hapo ndipo unapata asilimia 50. Usizidishe asilimia 60, kwa sababu kulanti peke yake hubeba joto vibaya kuliko maji. Kama huna subira ya kuosha na kulanti ya zamani ilikuwa safi ya aina ileile, mwaga na ujaze iliyochanganywa tayari. Hesabu hii haikuhusu.

Kutoa hewa ndiyo hatua inayoharibu kazi nzuri. Jaza polepole, minya hozi ya juu na ya chini mara kadhaa mpaka mapovu yakome, ongeza hadi mdomoni, jaza kopo hadi F, kisha funga mfuniko. Washa injini na hita, shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa kila dakika, kwa muda wa dakika chache, kisha acha irudi sailensa (izunguke bila kukanyagwa mafuta) mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Hita itoe joto la kweli. Ikitoa baridi wakati injini ni ya moto, kuna hewa ndani au maji hayatoshi. Zima, acha ipoe kabisa, fungua, ongeza. Jumla uliyoingiza ikaribiane na uliyoandika mwanzo. Pungufu ya nusu lita ni hewa bado imejificha.

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni wala uani. Ni tamu na ni sumu: mbwa huinywa, mtoto anaweza kuinywa, na kiasi kidogo huua. Ifunge kwenye dumu lililoandikwa, ipelekwe kwa wanaokusanya oili chafu wakikubali kuipokea.

Themostati isitupwe

Themostati ni vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. Ushauri wa kuitoa "kwa sababu huku ni joto" umeenea kuliko ugonjwa wenyewe. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuendelea kumwaga mafuta mengi, oili inapata uchafu, na kwenye baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta ya kutosha. IST na Vitz nyingi hazina geji ya joto, zina taa ya bluu tu kwa baridi na nyekundu kwa moto. Bluu ikiendelea kuwaka dakika 15 baada ya kuondoka, themostati imekwama wazi au kuna aliyeitoa.

Kuipima ni rahisi. Itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, chemsha. Iliyogongwa namba 82 ianze kufunguka karibu na hapo, na kwenye nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiirudisha, kale kapini kanakotikisika kakae juu ili hewa ipite.

Gari likichemsha njiani

Sindano ya geji ya joto ikianza kupanda au taa nyekundu ikiwaka, zima AC, washa hita na kipuliza chake hadi mwisho, tafuta pa kusimama. Kama hakuna mvuke na feni inazunguka, acha injini sailensa dakika moja au mbili uone kama joto linashuka. Kama kuna mvuke, feni haizunguki, au kopo ni tupu, zima mara moja. Sindano ikiporomoka ghafla baada ya kupanda usifurahi: huenda maji yameisha na sensa inapima hewa.

Subiri angalau dakika 45. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi inaweza kupinda au kupasuka. Ikishapoa, fungua mfuniko kwa tahadhari ileile ya mwanzo, ongeza maji kidogo kidogo, ndipo uwashe injini.

Likishachemsha vibaya mara moja, kagua gasketi kabla ya safari nyingine. Dalili zake ni hozi ya juu kukakamaa dakika mbili tu baada ya kuwasha injini baridi, mapovu yasiyoisha rejetani, kopo kufurika, moshi mweupe wenye utamu, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Unga wa kuziba uvujaji hautatibu hilo, na utaziba hita njiani. Hedi ikifunguliwa, fundi aipime kwa rula iliyonyooka na filagaji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi: kwa injini hii kupinda kunakokubalika ni milimita 0.05 tu. Ikizidi, ichongwe au ibadilishwe, na boliti zikazwe kwa spana ya kupimia kwa mpangilio wa kitabu. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena.