Helikonia na tangawizi za maua kwenye mawe ya Goma

Wanaokuja kwangu Keshero kuchukua miche huniuliza kwanza wamwagilie mara ngapi. Mimi nawauliza chini ya parseli yao kuna nini. Jibu ni moja karibu kila kartie: mawe. Lava ya volkeno yetu, Nyiragongo, ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na chini yake kuna lava za zamani zaidi. Mvua ikinyesha, maji yanazama humo papo hapo. Helikonia na ndugu zake, tangawizi za maua, ni mimea ya misitu yenye unyevu. Zinataka udongo mweusi, laini, unaoshika maji bila kuyatuamisha. Kwa hiyo hapa Goma tunaotesha udongo kwanza, ua baadaye.

Chagua mahali penye ukuta au uzio wa kukinga upepo wa ziwa, maana unachana majani vibaya. Jua la asubuhi lifike, kivuli cha mchana hakina shida. Panga mawe ya lava kuzunguka shamba dogo, bila saruji, yafike magotini, upana wa mita moja na nusu. Ndani yake tandika mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, unene wa shubiri mbili. Hayo yanatunza maji wakati wa kiangazi, na yakioza yanakuwa chakula. Juu yake weka udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe, ndoo moja ya mbolea kwa ndoo tatu za udongo. Mbolea iwe imeoza kabisa. Ikiwa bado inachoma pua, iache kwanza, itaunguza machipukizi.

Udongo wenyewe tunanunua kwa magunia, chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inaleta mpaka mlangoni. Kabla hujalipa, ingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu wa juu huwa mzuri siku zote. Toa konzi moja ya chini, ikamue. Ikishikana, kisha ikavunjika ukiigusa kwa kidole gumba, lipa. Ikibaki donge linalong'aa, ni udongo wa kufinyanga, mizizi itakosa hewa. Ikimwagika yote kati ya vidole, ni vumbi la lava, na hilo unalo tayari bure.

Sasa mmea gani? Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, usiku una baridi, na si kila ua zuri la kwenye picha litakupenda. Mimi naanza watu na Hedychium, tangawizi yenye maua meupe au ya njano yanayonukia jioni. Asili yake ni upande wa milima ya Himalaya, baridi yetu haiishtui. Ya pili ni Alpinia zerumbet, yenye vishada vyeupe vyenye rangi ya waridi vinavyoinama. Hii huchanua kwenye mashina ya mwaka uliopita, basi anayefyeka yote ili "kusafisha" anafyeka maua yake ya mwakani. Katika helikonia chagua rostrata, ile inayoning'inia, nyekundu yenye ncha za njano. Itakwenda polepole, usiidai maua kabla ya mwaka kupita, lakini itakuja. Alpinia purpurata na rozi ya porseleni, nazo tangawizi za maua, zinataka joto zaidi. Hizo nawaachia ndugu wa Uvira, huko zitafurahi kuliko hapa.

Panda mwezi wa tisa, mvua ikishaanza. Chukua kipande cha shina la chini chenye jicho moja au mawili na mabaki ya shina la juu, urefu wa shubiri moja. Kisu ukipitishe kwanza motoni au kwenye maji ya javeli ya kufulia, hasa kama kilikata migomba. Ugonjwa wa migomba kunyauka umetutesa vya kutosha Kivu. Helikonia ifukie sentimita kama tano hadi kumi. Hedychium iache mgongo wake uonekane kidogo. Nafasi kati ya miche, mita moja. Funika kwa majani makavu au makapi ya maharagwe. Mpaka chipukizi litokeze, udongo uwe na unyevu tu, kwa kuwa kipande kisicho na majani hakinywi, kinaoza.

Mwezi wa sita hadi wa nane, mvua ikikatika, mwaga bidoni nzima ya maji polepole kwenye kila shamba dogo mara mbili kwa wiki. Kunyunyiza kidogo kila siku kunalowesha matandazo tu. Vumbi na majivu ya mlima yakikaa kwenye majani, yaoshe.

Likichanua, lisogelee. Ile rangi ya helikonia si ua, ni magamba yanayolinda maua. Ua lenyewe ni dogo, limejificha ndani, na ndege chozi anajua lilipo: anashika shina, anainama, anachovya mdomo. Amerika, kwao na helikonia nyingi, kazi hiyo hufanywa na ndege wengine wadogo wanaoelea hewani. Kwangu chozi wanatosha kabisa, naweza kukaa barazani asubuhi nzima nikiwatazama.

Kwa ajili ya altare au harusi, kata asubuhi na mapema, shina refu. Magamba yaliyofumba hayatafunguka tena ndani ya nyumba, kwa hiyo ngoja yafunguke mengi ndipo ukate. Lilaze shina lote ndani ya beseni la maji saa moja, vidudu vitoke, kisha kata tena mwisho wake na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Usiweke kwenye friji, baridi inayageuza meusi. Shina la helikonia likishatoa ua halirudii. Likate chini kabisa, lipishe vijana.

Shamba likijaa, gawanya, mpe jirani. Ila mabaki ya Hedychium, mama na baba zangu, msiyatupe korongoni wala kando ya barabara ya Rutshuru. Ile ya njano imevamia misitu ya Hawaii, Réunion na New Zealand, na sisi tuna hifadhi ya Virunga hapa mlangoni. Yaanike juu ya lava mpaka yakauke kabisa, kisha yachome.