Jeki inanyanyua, stendi ndo inabeba: kupandisha gari nyumbani bila kuhatarisha maisha

Kabla hujagusa chochote naomba unielewe kitu kimoja, kazi ya jeki ni kunyanyua tu, haijatengenezwa kushikilia gari huku mtu yuko chini. Jeki ya mafuta, iwe ya chupa au ile ndefu ya magurudumu, uzito wote umekaa juu ya mafuta yaliyozuiwa na sili ndogo ya mpira na valvu, sasa sili ikichoka au kauchafu kakiingia kwenye valvu gari linashuka, saa nyingine taratibu saa nyingine ghafla na muda wa kutoka huupati. Ile ya mkasi inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi basi, kitako chake chembamba, gari likisogea kidogo tu inalala. Kwa hiyo kama unataka kuingia chini kumwaga oili au kukagua breki tafuta stendi, yaani vile vyuma vyenye miguu vinavyowekwa chini ya gari vilishikilie, na kama hujapata stendi hiyo kazi iache mpaka upate.

Tuanze na pa kuegesha maana hapa ndo wengi wanakosea. Unataka sakafu ngumu na tambarare, zege ndo bora. Lami inafaa ila jua kali likiipiga inalainika na miguu ya stendi inazama, weka kipande cha plaiwudi nene chini ya kila stendi. Udongo mimi nausema kwa uchungu. Niliwahi kunyanyua gari kwenye udongo uliokuwa unaonekana mkavu kabisa, nimeshatoa tairi la mbele, nainuka kufuata spana nasikia chuma kinasaga, kugeuka jeki imelala ubavu na diski ya breki imezama ardhini vidole viwili, na muda mfupi kabla ya hapo mkono wangu ulikuwa palepale. Shida haikuwa udongo kuzama peke yake. Jeki ya magurudumu mkono wake haupandi wima, unapanda kwa kuzunguka, kwa hiyo kadiri gari linavyokwenda juu jeki inatakiwa itembee yenyewe kidogo ili ibaki chini ya pointi, yaani sehemu ya gari unayonyanyulia. Kwenye sakafu inatembea, kwenye udongo au changarawe magurudumu yanakwama, basi kichwa cha jeki kinaanza kuteleza au kulivuta gari mpaka kitu kinaachia.

Ukishaegesha piga hendibreki, gari la gia liingize namba moja au rivasi, la otomatiki weka P, halafu weka kabari kwenye matairi yatakayobaki chini, mbele na nyuma ya tairi. Usiseme si hendibreki ipo. Kwenye magari mengi hendibreki inashika matairi ya nyuma tu, ukinyanyua nyuma yote mawili haizuii chochote. Na P nayo usiitegemee, inafunga matairi yanayovutwa na injini, sasa ukinyanyua moja kati ya hayo difu ya kawaida (ile inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili) inaliruhusu lile la hewani lizunguke upande mmoja na mwenzake wa chini azunguke upande wa pili, yaani gari linaweza kuondoka na P iko palepale. Kabari ndo inakuokoa. Matofali yaliyolala yanaweza kusaidia kidogo, ila kabari ya mbao ngumu iliyokatwa mshazari inakaa vizuri zaidi.

Kama utatoa tairi, legeza nati zake robo raundi hivi tairi likiwa bado limekanyaga chini. Ukianza kupigana na nati gari likiwa juu unalitikisa lote.

Pointi za kunyanyulia zipo kwenye kitabu cha gari, soma, usikisie. Magari mengi madogo zipo ubavuni kwenye ukingo wa chuma uliosimama, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma, utaona vikato viwili au mshale. Usiweke jeki kwenye sampo ya oili (bakuli la oili chini ya injini), kwenye gia boksi wala kwenye bodi tupu, vitapasuka au kubonyea. Gari la umeme kuwa makini mara mbili, betri iko chini na ukiikosea pointi unaitoboa. Weka kipande cha mpira kwenye kichwa cha jeki ili ukingo usikunjike.

Pampu taratibu, upande mmoja kwanza, ukiangalia jeki na sio simu. Ikianza kuinama hata kidogo shusha uanze upya. Usipandishe juu kuliko unavyohitaji. Likifika ingiza stendi chini ya pointi ngumu, chesisi (fremu ya gari) au sehemu inayotajwa na kitabu, kisha fungua valvu ya jeki kidogo mno gari likae lenyewe. Stendi za meno hakikisha kile kichuma kinachozuia nguzo isishuke kimeingia jino lote, na kama zina pini ya usalama iingize pia. Hili sio uoga, Marekani mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight iliziita stendi zake nyingi zirudishwe kwa sababu kichuma kilikuwa hakishiki meno sawasawa. Uwezo nao usome vizuri, stendi nyingi tani zilizoandikwa ni za jozi sio za moja. Na stendi mbili zikae urefu sawa.

Tofali la saruji usilitumie kama stendi, nakuomba. Likibebeshwa uzito sehemu moja linapasuka bila dalili, halipindi kwanza likuonye.

Sasa kabla hujaingia lisukume gari kwa mikono, kwenye ubavu, kwa nguvu za kweli. Kama litaanguka liangukie sakafu. Likitulia, rudisha jeki iguse pointi ya kunyanyulia bila kubeba, na tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari, mambo yakiharibika linakuachia nafasi ya kupumua. Mwambie mtu wa nyumbani uko chini, watoto wakae mbali, mtu asifungue mlango wala kuwasha injini. Ukikutana na boliti iliyogoma, usiivute kwa nguvu za mwili mzima ukiwa umelala huko, toka, weka dawa ya kutu, subiri.

Kushusha ni kinyume chake. Toka chini, toa vifaa vyote, nyanyua kidogo kwa jeki uzito utoke kwenye stendi, zitoe, angalia tena chini hakuna mguu wa mtu, kisha valvu unaifungua polepole sana, ukiizungusha yote gari linadondoka kama mzigo. Kama ulitoa tairi, nati zake zikaze kwa mkono kabla hujashusha, tairi likiwa hewani, kwa kurukaruka zile zinazotazamana, halafu malizia gari likiwa chini, na kama una toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, fuata namba ya kitabu, gari dogo mara nyingi ni kati ya Nm (nyutoni mita) 80 na 140. Ukishatembea kama km 50 zikague tena.