Bili ya hospitali Marekani: uliza kabla hujalipa

Nyumbani tumezoea dirisha la malipo: unalipa kumwona daktari, unalipa maabara, unalipa dawa, na bei unaijua papo hapo. Marekani unatibiwa leo, bili inakufuata kwa posta wiki kadhaa baadaye. Kipimo kimoja hakina bei moja, kwani kila kampuni ya bima imepatana na hospitali kivyake, na asiye na bima mara nyingi hutumiwa bei ya juu ya kwenye orodha. Ichukulie kama bei ya kwanza unayotajiwa Kariakoo au Gikomba.

Ukiwa na bima, karatasi ya kwanza kufika huenda ikatoka kwa bima yenyewe, imeandikwa wazi kwamba si bili. Usiilipe, itunze uilinganishe na bili halisi. Na bima ya bei nafuu kwa mwezi kwa kawaida hukuachia mzigo mkubwa mwanzoni: ikiwa kiwango unachotakiwa kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia (deductible) ni dola 3,000, gharama nyingi ni zako mpaka zitimie. Kabla ya kuweka miadi, piga simu uhakikishe daktari yumo kwenye orodha ya madaktari na hospitali zenye mkataba na bima yako.

Ukizidiwa ghafla, nenda. Sheria ya EMTALA ya mwaka 1986 inazilazimu idara za dharura za karibu hospitali zote kukupima na kukupa matibabu ya kutuliza hali yako hata kama huna senti. Haisemi ni bure, bili itakuja. Tangu Januari 2022, sheria nyingine inamlinda mwenye bima asitozwe zaidi kwa dharura eti kwa sababu hospitali haimo kwenye orodha ya bima yake, ila ambulansi za barabarani ziliachwa nje ya sheria hiyo, jambo ambalo mimi sijawahi kulielewa.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza pesa kwa kuona haya. Hospitali zisizo za faida, na ni nyingi, zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwasamehe wenye kipato kidogo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini kupeleka fomu ya kuomba nafuu hiyo. Omba pia bili yenye mchanganuo wa kila huduma, kisha uipitie mstari kwa mstari. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupatia bila malipo. Usimbebeshe mtoto kazi hiyo.

Usiye na bima, kwa matibabu yaliyopangwa, dai makadirio ya bei kwa maandishi. Bili ya mtoa huduma ikiyazidi kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 za kuipinga rasmi.

Mama akija kukutembelea, mkatie bima ya wageni kabla hajapanda ndege, na usome kipengele cha maradhi aliyokuwa nayo tayari: presha na sukari mara nyingi hazimo.