Kumtambua nge wa mchanga wa Rub' al Khali

Jamaa zangu wakija kutoka Unguja nawapeleka kwenye machuguu ya mchanga ya jangwa la Rub' al Khali, ng'ambo ya mji wa Thumrait, kusini mwa Oman. Wakimwona nge wa manjano huniuliza kama ni hatari. Huwajibu: hatari ipo, lakini rangi wekeni kando. Nge wa manjano Oman ni wengi. Tazameni mkia.

Hesabu pingili kuanzia mwilini. Ziko tano, kisha kibofu chenye mwiba. Kama pingili ya pili imetanuka pande zote mbili, bapa kama kisahani, ikazipita kwa upana ya kwanza na ya tatu, huyo ni Apistobuthus pterygocercus. Susan Finnegan alimweleza kisayansi mwaka 1932, na Oman hakuna nge mwingine mwenye pingili ya namna hiyo. Mtazame kutoka juu. Ukimwangalia kwa ubavu, upana huo hauonekani vizuri.

Wa kuchanganywa naye ni nge wa jenasi (kundi) ya Leiurus, naye ni wa manjano, ila mkia wake ni mwembamba na hakuna pingili iliyotanuka peke yake. Androctonus crassicauda ana mkia mnene, lakini unene umeenea pingili zote, na kwa kawaida ni mweusi au kahawia iliyokolea. Nge wa jenasi Scorpio ana magando mapana, yaliyovimba. Wetu magando yake ni membamba, na ukipata picha nzuri ya miguu utaona safu za nywele zinazomsaidia kutembea juu ya mchanga laini.

Mchana huwa amejichimbia shimoni, kwa hiyo mtafute usiku kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV): mwili wake hung'aa kijani-buluu. Aliyetoka kujivua gamba hang'ai, basi vaa viatu vya kufunika mguu hata pale tochi inapoonyesha mchanga mtupu. Tochi hiyo ni ya kumtafutia tu. Rangi na umbo vikague kwa taa ya kawaida.

Usimshike, usimfukue, usimuue. Picha inatosha kabisa. Ni wa familia ya Buthidae, yenye nge wa hatari zaidi duniani. Akikuuma, usichanje wala kunyonya jeraha. Nenda hospitali mara moja, hasa aliyeumwa akiwa mtoto, na umwonyeshe daktari ile picha.