Kusoma Uzamili wa Uhandisi Huku Ukitafuta Ajira

Mhitimu wa uhandisi nchini Tanzania anayejiunga na shahada ya uzamili kabla ya kupata kazi anaweza kujikuta, baada ya miaka miwili ya bidii, ana shahada mbili mkononi na hana uzoefu wa eneo la ujenzi wala wa kiwandani. Jambo hilo huzuilika, ilimradi masomo na utafutaji wa kazi vipangwe pamoja tangu mwanzo.

Kabla hata ya kulipa ada, jisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ukiwa mhandisi mhitimu. Matangazo mengi ya nafasi ya Mhandisi Daraja la II serikalini hudai usajili huo, na ndio unaokuwezesha kuomba kuingia SEAP, mpango wa mafunzo kwa vitendo ulioanza mwaka 2003, ambao kwa miaka 3 humweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu hadi aweze kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Uzamili peke yake haukupi hadhi hiyo.

Katika kuchagua programu, ulizia ratiba kabla ya kuulizia sifa ya chuo. Programu yenye vipindi vya jioni humwachia mwanafunzi mchana wa kufanya kazi, hata kama ni kibarua cha muda kwa mkandarasi mdogo.

Mada ya tasnifu ndiyo inayostahili kufikiriwa kuliko yote, na inasikitisha kwamba wengi huichagua kwa haraka. Tuseme wewe ni mhandisi ujenzi na unataka kuchunguza namna chokaa inavyoimarisha udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Sampuli za kipimo cha CBR, kinachoonyesha uwezo wa udongo kubeba mzigo wa barabara, hulowekwa majini kwa siku 4 kabla ya kupimwa, na maabara za miradi ya barabara hufanya kazi hiyo mara kwa mara. Mwombe msimamizi wako barua ya utambulisho, uende kwa mhandisi mshauri wa mradi, umweleze ni swali gani la mradi wake ambalo utafiti wako unaweza kulijibu. Atakayekuona ukipima, ukiandika matokeo na kurudia kipimo kilichotia shaka atakuwa na la kusema juu yako atakapoulizwa, nawe utapata mdhamini anayeijua kazi yako kwa macho yake.

Kwa ajira za serikali, jaza wasifu wako kwenye Ajira Portal na uambatishe cheti cha shahada ya kwanza. Usitegemee matokeo ya muda ya uzamili, kwa kuwa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti. Kwa kampuni binafsi, eleza kwenye barua ya maombi kwamba unasoma, utamaliza lini, na ni siku zipi huwezi kuwapo kazini. Mwajiri anayegundua hayo baadaye huona amefichwa.

Vyeti halisi na kitambulisho cha taifa viwe karibu wakati wote, kwani wito wa usaili unaweza kuja katikati ya mitihani. Ukigongana na mtihani, mwandikie mratibu wa programu siku hiyohiyo na umwambatishie tangazo la wito, ili ombi la kuahirisha lifike kabla ya tarehe ya mtihani.