Kuchapisha Picha kwenye Vikombe: Anza na Kikombe Chenyewe

Kikombe cha kauri cha duka la vyombo hakishiki picha, hata uwe na mashine nzuri namna gani. Wengi wanaoanza hupoteza pesa hapo hapo, kwa hiyo kikombe kitangulie, mashine ifuate.

Vikombe vingi vya picha vinavyotolewa zawadi kwenye sendofu, kipaimara na mahafali huchapishwa kwa sablimesheni. Wino wake ukipata joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi hugeuka mvuke, na mvuke huo hupenya ndani ya utando wa poliesta uliopakwa juu ya kauri. Kauri tupu haina pa kuupokea. Utaona kivuli hafifu, na kitatoka ukisugua kwa sponji. Muuzaji akikuhakikishia kwamba vikombe vyake ni vya sablimesheni, chukua kimoja au viwili ukajaribu kabla ya kubeba katoni nzima. Anza na vyeupe vya mililita 330, kwani mashine nyingi za kukandamiza vikombe kwa joto zimetengenezwa kwa kipimo hicho.

Kwa printa, chukua ya tangi ya Epson, kwa mfano L3250. Kichwa chake husukuma wino bila kuuchemsha. Nyingi za HP na Canon hurusha wino kwa joto, na hizo hazifai kazi hii. Iwe mpya, na wino wa kwanza kuingia tangini uwe wa sablimesheni, kwa sababu mabaki ya wino wa kawaida kwenye mirija huchafua rangi kwa muda mrefu. Printa hiyo usiiache ikae wiki nzima bila kazi. Chapisha ukurasa mdogo wenye rangi zote kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo wino hukauka kichwani.

Karatasi ni ya sablimesheni, A4, gramu 100 hadi 125. Kwa walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, unyevu ni adui wa kweli: karatasi iliyoachwa wazi usiku kucha hunyonya maji, na maji hayo hugeuka mvuke ndani ya mashine na kuacha mabaka. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, utoe zile unazotumia tu.

Dizaini

Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye kikombe kutoka upande mmoja wa mkono wake hadi mwingine, kisha upime kwa rula. Kwa kikombe cha mililita 330, eneo salama ni kama sentimita 20 kwa 9. Kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 2362 kwa 1063. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa. Mwombe mteja aitume kama dokumenti.

Anayeshika kikombe kwa mkono wa kulia huona nusu ya kulia ya dizaini, na aliyekaa mbele yake huona nusu ya kushoto. Muulize mteja jina likae upande gani. Ukimaliza kupanga, ndipo uigeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, halafu uchapishe. Printa haina wino mweupe: palipo na nyeupe pataonyesha rangi ya kikombe. Rangi zikionekana zimepauka kwenye karatasi usishtuke, zitachangamka kwenye joto.

Kuchoma

Futa kikombe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa sababu alama ya kidole na chembe ya vumbi zote huonekana baadaye. Funga karatasi, wino ukigusa kikombe, na uivute ikaze. Bandika tepu ya kuvumilia joto kwenye kingo zote mbili, kisha pitisha kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni. Karatasi ikicheza chini ya kidole, fungua ufunge upya.

Weka kikombe kwenye mashine, uanzie nyuzi 180 kwa sekunde 180. Kikombe baridi hushusha joto la mashine, kwa hiyo hesabu muda tangu lirudi 180. Mkandamizo uwe wa kukufanya utumie nguvu kidogo kufunga mkono wa mashine. Muda ukiisha, vaa glavu za joto, toa kikombe na uvue karatasi mara moja, kwa mvuto mmoja. Kiache kipoe juu ya ubao. Ukikitia kwenye maji baridi kinaweza kupasuka.

Kikiharibika

Picha iliyopauka kote imekosa joto, muda au mkandamizo. Ongeza sekunde 20 kwanza, uone. Ikipauka karibu na mkono wa kikombe au ukingoni juu tu, kuongeza muda hakutasaidia, kwa maana mkanda wa joto wa mashine, unaozunguka kikombe, haufiki hapo. Punguza upana au urefu wa dizaini. Kingo zilizotawanyika na karatasi iliyogeuka kahawia ni dalili za kuzidisha joto au muda. Kivuli mara mbili maana yake karatasi ilisogea, mara nyingi wakati wa kuivua. Kama nyeusi inatoka ya kijani au kahawia kila mara ingawa joto ni sahihi, weka kwenye kompyuta profaili ya rangi ya wino huo, yaani faili inayorekebisha rangi ziendane na wino.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uandike joto na sekunde kwa kalamu ya maka chini ya kila kikombe cha majaribio. Ukibadilisha joto na muda kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia. Vipimo hivyo havihamishiki kiholela: mzigo mpya wa vikombe au wino wa muuzaji mwingine unahitaji jaribio jipya. Vile vyeusi vinavyofunua picha vikitiwa chai huhitaji joto la chini zaidi, maana likizidi ile rangi nyeusi huungua na kubaki na mabaka. Fuata kipimo anachotoa muuzaji wake.

Unapomkabidhi mteja, mwambie akioshe kwa sponji laini. Steelwire hukwangua utando, na picha huondoka nao.